Gari la Mzee Kupaza na Nyembe Tano

Sogezeni sinia zenu karibu. Mikono iendelee kuchambua mchele, masikio yawe kwangu. Hadithi yangu haina sungura wala jini, ina gari bovu tu, na anayeisikiliza haruhusiwi kunyanyuka kabla hajajibu swali la mwisho. Mmekubali? Semeni mmekubali. Haya.

Walikuwepo watu watatu hapa hapa Lugoto, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Mnawajua wote, lakini nitawataja kama vile hamuwajui, maana ndivyo hadithi inavyotaka.

Wa kwanza ni Hoza, fundi magari, mwenye sikio. Hoza akikaa kibarazani kwake ameipa barabara mgongo, gari likipita anakwambia ni la nani, limebeba nini, na dereva wake kaamka vizuri ama vibaya. Siku moja alisema pikipiki ya mwalimu mkuu ina nati imelegea, na mwalimu bado yuko kule mtoni anapandisha kilima. Kweli nati ilikuwa imelegea. Ila Hoza ana ugonjwa mmoja, neno “sijui” halipiti kooni mwake.

Wa pili ni Mwanjaa, fundi redio na simu, mwenye jicho. Ana mita ya mshale ya kupimia umeme, aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mshale ukisogea upana wa unywele yeye ameshauona. Mchele huu angeuchambua Mwanjaa tungekuwa tumemaliza jana. Na yeye ana lake. Hapendi kabisa watu wajue kuwa vifaa vyake vimechoka.

Wa tatu ni Yakobo Shemhilu, fundi saa, mwenye mkono. Mkono wa Yakobo hautetemeki. Mnaweza kumpa kikombe kilichojaa chai hadi mdomoni, akapanda nacho hadi shuleni, asimwage tone. Siku hizi hakuna anayempelekea saa, simu zimemaliza kazi hiyo, kwa hiyo anatunza saa moja tu, ile kubwa ya shule ya msingi inayotuamsha na kutulaza wote. Naye ana lake. Akiona kitu kidogo kimekaa bila kazi, anakiona ni chake.

Hao ndio watatu. Wa nne hana kipaji chochote. Ni mwanamke anaitwa Zaitun, binti wa Mzee Kupaza wa Kwemlondo, ng'ambo ya mlima. Ndiyo, ni mimi. Msinitazame hivyo, chambueni mchele.

Mzee Kupaza alikuwa dereva miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo aliendesha magari ya watu. Alipostaafu akanunua gari lake la kwanza na la mwisho, dogo, jeupe, tayari lilikuwa la zamani. Kila Ijumaa aliliosha kabla hajajiosha mwenyewe. Akishamaliza anawasha injini, anakaa kwenye kigoda pembeni, haendi popote. Anasikiliza tu silensa, yaani ule mngurumo wa gari lililosimama bila mtu kukanyaga mafuta. Mama alikuwa akimtania, “Wenzako wanasikiliza taarifa ya habari.” Baba anajibu, “Hii ndiyo habari yenyewe.”

Zaitun akamwomba gari hilo. “Wiki moja tu, baba. Nipeleke kabichi mnadani.” Baba akampa ufunguo na kitambaa cha kufutia kioo. Wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, kabichi zikawa viazi, viazi vikawa karoti. Ikapita miaka sita. Mwanzoni nilichelewa kwa sababu ya kazi, baadaye nikachelewa kwa sababu nilikuwa nimeshachelewa. Mnajua aibu ya namna hiyo? Kila siku unayokaa inakuongezea nyingine, na mwisho hata kupiga simu kunakushinda. Baba hakuwahi kulidai. Watu wakimuuliza gari liko wapi, alisema, “Liko safarini.” Hivyo tu. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Basi mwaka huu baba akaugua, na ugonjwa ukawa ule wa kuitana. Shangazi Mwajabu akatuma mtu na ujumbe. “Baba yako anasema uje. Uje na gari lake. Anataka kulisikia likifika.” Nikaelewa. Nilikuwa naitwa nikaombe radhi, na radhi za mzazi huziombi kwenye simu. Nilitakiwa niende na kitu chenyewe nilichomnyang'anya, nikasimame mbele yake akiwa bado na kauli ya kunijibu.

Alhamisi saa moja asubuhi nikawasha gari. Lilikuwa linasumbua tangu miezi miwili nyuma, na siku hiyo ndipo likakataa kabisa. Ukikanyaga mafuta linakwenda, ukitoa mguu tu, silensa inapanda, inashuka, inapanda, inashuka kama mtu anayehema baada ya kukimbia, halafu linazima. Kwenda Kwemlondo kuna kona thelathini na mbili, na kila kona lazima utoe mguu. Gari likizimika konani usukani unakuwa mzito na breki inagoma, na chini kule mnakujua. Basi la asubuhi lilikuwa limeshapita, na hata kama lingekuwepo, baba hakuita basi. Nikalisukuma na watu wawili hadi kwa Hoza.

Hapa sasa sikilizeni kila mtu alifanya nini, maana ndipo swali lilipo.

Hoza aliinama juu ya injini, akafumba macho. Akasema, “Washa.” Nikawasha. “Toa mguu.” Nikatoa, likahema, likazima. Akarudia mara tatu. Halafu akasema, “Dada Zaitun, mafuta yako sawa, plagi ziko sawa. Gari halijui kama umetoa mguu.”

“Halijui kivipi?”

Akanionyesha. Kwenye njia ya hewa ya injini kuna kibao kidogo, ndiyo throto yenyewe, kinachofunguka ukikanyaga mafuta na kujifunga ukiachia. Pembeni ya kibao hicho kumefungwa kidude cheusi cha plastiki, wao wanakiita sensa ya throto. Kazi yake ni moja, kuiambia kompyuta ya gari mguu wa dereva uko wapi. Kikikaa upande kidogo tu, kinadanganya. Wewe umeachia, chenyewe kinasema bado unakanyaga, na injini inachanganyikiwa hadi inakufa. Fundi mwingine angenibadilishia plagi na pampu na kunirudisha nyumbani kesho kutwa. Hoza alilijua tatizo kwa sikio peke yake. Bila sikio lile tusingejua hata pa kugusa.

Kisha akanipa mgongo, akachukua bisibisi, akazungusha kitu fulani kimyakimya. Nilidhani anasafisha. Akanyanyuka jasho linamtoka, na asubuhi ile ilikuwa na ukungu. “Kamwite Mwanjaa,” akasema. “Hii haiwekwi kwa kukisia.”

Mwanjaa akaja na mita yake chini ya kanga. Kabla ya yote akasema, “Subirini niiwekee betri mpya.” Akaiweka, akagusisha nyaya zake kwenye miguu ya sensa. Kazi ilikuwa hivi. Katikati ya kijiti kinachosukuma hiyo throto na skrubu inayokizuia, unaingiza kipande cha bati chenye unene maalumu. Kikiwa chembamba, mshale wa mita lazima uruke. Kikiwa kinene kidogo, mshale lazima ulale. Vipande vya namna hiyo Lugoto hatuna. Mwanjaa akafikiri, akaagiza pakiti ya nyembe dukani. Alijua unene wa wembe mmoja, akapiga hesabu kichwani. “Nyembe tano mshale uruke, nyembe saba mshale ulale. Hapo ndipo sensa inaposema kweli.” Akaketi juu ya tairi, akautazama mshale ule bila kupepesa. Bila jicho lile tungekuwa vipofu.

Hoza akalegeza sensa. “Mbona ina skrubu moja? Inatakiwa ziwe mbili.” Akaizungusha taratibu hadi Mwanjaa akasema “hapo hapo,” lakini alipoikaza ile skrubu, sensa ikasogea nayo. Akarudia. Ikasogea. Vidole vya Hoza mnavijua, kila kimoja ni spana. Saa nne ikapita tukiwa pale pale. “Hapa panahitajika mkono wa Yakobo,” Mwanjaa akasema.

Yakobo akaja, akainama, akatazama palipokosekana skrubu. Akalitazama tundu hilo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akasema, “Nipeni dakika kumi.” Akapanda kilima mbio, mzee wa miaka sitini na mbili, akarudi anahema na skrubu kwenye kiganja. “Nimepata inayofanana,” akasema. Ikaingia kama imezaliwa pale. Kisha akashika sensa kwa mkono mmoja na bisibisi kwa mwingine, akakaza huku, akakaza kule, robo kwa robo. Nyembe tano, mshale ukaruka. Nyembe saba, mshale ukalala. Sensa haikusogea. Bila mkono ule tungekaza na kulegeza hadi leo.

Nikawasha. Hoza akafumba macho. “Bado unywele,” akasema. Yakobo akalegeza, akaisogeza kwa kiasi ambacho mimi sikukiona, Mwanjaa akatazama mshale, Yakobo akakaza. Nikawasha tena, nikatoa mguu. Gari likatulia. Miaka sita sijawahi kulisikia hivyo, lilinguruma kama lilivyokuwa likinguruma uani kwetu siku za Ijumaa. Nikaona machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

Walikataa hata soda. “Nenda, dada, nenda,” wakasema wote watatu, kila mmoja akitazama pengine. Siku hiyo kengele ya mapumziko haikulia shuleni, watoto wakakaa darasani na njaa hadi mwalimu akatazama jua. Sikuliunganisha hilo na lolote. Nikaondoka saa sita kasoro.

Kona thelathini na mbili. Kila kona nilitoa mguu, na kila kona gari lilijua.

Nilifika saa nane mchana. Nikaingiza gari uani, nikataka kuzima, Shangazi Mwajabu akatoka mbio mikono juu. “Usizime! Liache lingurume!” Akanishika bega. “Amekuulizia tangu alfajiri. Kila gari likipita anauliza, ‘Ndilo?’ Namwambia bado. Saa sita na nusu kauli ikamkatika. Anasikia, lakini hasemi tena.”

Saa sita na nusu. Mimi nilikuwa kona ya tano.

Nikaingia. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na nje ya dirisha gari linanguruma. Nikapiga magoti, nikamshika mkono. “Baba, ni Zaitun. Nimelileta. Nisamehe, baba. Nipe radhi zako.” Nilisema mara tatu. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa dirishani, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga mbao ya kitanda, polepole, sawasawa na injini. Labda kidole hicho kilikuwa kinanijibu. Labda kilikuwa kinaliambia gari, karibu nyumbani. Nimekifikiria kidole hicho kila siku tangu siku ile na bado sijui.

Alasiri kidole kikaacha kugonga. Shangazi akamfumba macho. Mimi nikatoka uani, nikazima gari.

Sasa. Siku ya tatu ya matanga wakaja watu wa Lugoto, na Hoza na Mwanjaa na Yakobo wakiwemo. Baada ya dua Shangazi Mwajabu akasimama mbele ya watu, akasema, “Kaka yangu aliacha neno kabla kauli haijamkatika. Alisema, ‘Gari langu ni la atakayelileta likiwa linanguruma.’ Hakutaja jina.”

Watu wakageuka kuwatazama mafundi. Mtu mmoja akasema Hoza ndiye aliyejua ugonjwa. Mwingine akasema bila Mwanjaa hakuna kipimo. Wa tatu akamtetea Yakobo. Mngetegemea hapo wagombane, kama watu wa hadithi wanavyogombania ng'ombe. Wale watatu wangu waliinamisha vichwa kama watoto waliovunja mtungi.

Hoza akasimama. “Mimi silistahili. Miezi miwili nyuma Zaitun aliniletea gari linazima. Sikujua tatizo, na nikaona haya kusema sijui. Kuna skrubu ya kuzuia kijiti cha throto, imepakwa rangi kiwandani, maana yake isiguswe. Nikaigusa. Nikaikaza ili silensa ipande, nikamwambia nimemaliza. Sensa ilikuwa imeanza kusogea, mimi ndiye niliyeifundisha kudanganya kabisa. Alhamisi ile nilianza kwa kuirudisha kwenye alama yake nikiwa nimempa mgongo. Kama ningesema kweli siku ile ya kwanza, angefika kwa baba yake saa tatu asubuhi.”

Mwanjaa akasimama, anasokota ncha ya kanga. “Mimi pia silistahili. Mwezi mmoja nyuma Hoza aliniita nipime sensa hiyo hiyo. Betri ya mita yangu ilikuwa imekwisha na mshale ulikuwa unayumba. Nililiona. Palikuwa na wateja watatu wamesimama, sikutaka wajue. Nikasema, ‘Sensa ni nzima.’ Hoza akaniamini, akaacha kuitazama. Kama ningesema ‘ngojeni ninunue betri,’ angefika saa tatu asubuhi.”

Yakobo hakusimama, alizungumza amekaa, mikono yake ikiwa mapajani. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliiona inatetemeka. “Gari hili lililala kwa Hoza wiki nzima mwaka jana likisubiri tairi. Saa ya shule ilikuwa imesimama kwa kukosa skrubu moja ndogo. Nikafungua boneti, nikachagua. Nilijiambia kidude kile kina skrubu mbili, moja inatosha. Kwa mwaka mzima mmenisifu saa inakwenda vizuri. Ilikwenda kwa skrubu ya Mzee Kupaza. Sensa ikabaki na moja, ikaanza kusogea kidogo kidogo. Hoza na Mwanjaa wamekosea baadaye, mimi ndiye niliyeanza.”

Halafu Hoza akasema, “Mimi ndiye niliyemnyima kauli ya baba yake.” Mwanjaa akasema, “Ni mimi.” Yakobo akasema, “Niacheni, ni mimi.” Wakaanza kubishana, watu wazima watatu, kila mmoja akivutia hatia kwake kama wengine wanavyovutia shuka.

Shangazi Mwajabu akawanyamazisha. “Basi kama ninyi hamlitaki, aliyelileta ni Zaitun. Yeye ndiye aliyeshika usukani. Kaka yangu alijua anamwita nani. Alisema ‘atakayelileta,’ na aliyeitwa alilete alikuwa mmoja tu.” Akanigeukia. “Chukua gari, mwanangu. Likiwa lako, ujue amekupa radhi. Mtu hamwachii mali yake mtoto ambaye hajamsamehe.”

Mnaona mtego? Nikilichukua, nina radhi. Nikiwapa mafundi, ni kusema baba aliwazawadia waliomletea gari na mimi hakuniachia neno lolote. Nilimuuliza Shangazi faraghani, “Hukumuuliza? Hukumwambia, ‘Hata kama ni Zaitun?’” Akafuta macho. “Sikumuuliza. Niliogopa atakavyonijibu.” Nikaomba wanipe muda, nijibu siku ya arobaini.

Na hapo hadithi ingeishia, ningewauliza swali, mkajibu, tukapika. Lakini kuna kipande kimoja nimekiruka. Mjue nimekiruka makusudi.

Nimewaambia ujumbe ulikuja. Sikuwaambia ulikuja lini. Mmedhani ulikuja Alhamisi asubuhi, na wale watatu wanadhani hivyo hivyo. Ujumbe wa baba ulinifikia Jumatano saa tisa alasiri. Mtu wa Shangazi alisimama mlangoni kwangu, akasema kila neno, hata akasema, “Shangazi yako anasema usingoje kesho.” Nikamwambia nimesikia. Jua bado lilikuwa juu. Na gari, ndugu zangu, Jumatano lilikuwa linasumbua lakini lilikuwa linakwenda. Nilikuwa nimetoka nalo shambani saa ile ile, nimekata kona saba za chini bila kuzimikiwa. Ningeondoka saa hiyo ningefika kabla ya magharibi, nikamkuta baba amekaa kitandani anakula uji.

Sikuondoka. Nilichukua ndoo na sabuni, nikaanza kuliosha. Nilijiambia siwezi kumrudishia baba gari chafu baada ya miaka sita. Nililiosha hadi jua likazama. Nikafungua boneti, nikaosha na injini, nikaimwagia maji ndoo tatu, niking'arisha nisichokijua, na kila nilipomaliza nikaona doa jingine. Shida haikuwa doa. Nilikuwa naogopa kumtazama usoni. Asubuhi yake ndipo gari likakataa kabisa, na Hoza alipofungua boneti akaona majimaji pale kwenye sensa, akafuta kwa kitambaa, akadhani ni umande.

Kitambaa chenyewe ni kile kile cha kufutia kioo, alichonipa baba pamoja na ufunguo.

Hilo wale watatu hawalijui. Hoza ameacha kazi tangu matanga, anakaa kibarazani na magari yanapita bila yeye kusema ni ya nani. Mwanjaa anawaambia wateja wote betri yake imefikia wapi, hata wasiouliza. Yakobo ameirudisha saa ya shule ukutani ikiwa imesimama, hataki tena kuigusa. Nami nawaona kila siku. Ningewaambia neno moja tu, “Ni Jumatano,” na mizigo yao ingepungua. Lakini Shangazi, anayejua siku aliyomtuma mtu, anadhani gari lilikuwa limeshakufa Jumatano; nikiwaambia, naye atasikia kuwa lilikuwa linakwenda, na zile radhi alizonipa kwa mdomo wake atazirudisha. Nimefungua mdomo mara nne. Mara nne nimeulizia bei ya vitunguu.

Kesho ni arobaini ya baba. Mchele huu ndio wa kesho. Baada ya dua Shangazi atashika ufunguo mbele ya watu na kusema, “Haya, Zaitun, tupe jibu lako.” Gari liko pale nje. Asubuhi nililiwasha, silensa imetulia, sensa ya throto inasema kweli. Kati yetu wote ni hiyo peke yake.

Hoza alisikia, na Hoza aliharibu. Mwanjaa aliona, na Mwanjaa alificha. Yakobo alikaza, na Yakobo ndiye aliyefungua. Angekosekana mmoja wao, gari lisingefika. Na kama wote watatu wangesema kweli mapema, lingefika baba akiwa na kauli. Mimi niliendesha, na mimi ndiye niliyeliosha badala ya kuondoka. Nikiwapa wao gari, nimelipa kwa mali ya baba ili ninyamaze. Nikilichukua mimi, nimemnyang'anya mara ya pili, na safari hii hayupo wa kusema liko safarini.

Acheni mchele sasa. Nitazameni. Kesho ufunguo ukiwa mkononi mwa Shangazi, na wale watatu wamekaa mstari wa mbele wameinamisha vichwa, niunyooshee mkono, au nitaje Jumatano kwanza? Na nikishaitaja, gari liwe la nani? Wewe uliye karibu na mlango, anza wewe. Ungekuwa Zaitun, ungeamuaje?